Jimmie Rodgers

James Charles Rodgers, anayejulikana zaidi kama Jimmie Rodgers (8 Septemba 1897 – 26 Mei 1933), alikuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo kutoka nchini Marekani. Wanahistoria wengi wa muziki humwita Baba wa Muziki wa Kantri. Enzi za uhai wake aliitwa pia Mfunga Breki Mwimbaji, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi ya reli kwa miaka mingi kabla ya kurekodi santuri yake ya kwanza.

Muda wake wa kurekodi haukufika miaka sita, kuanzia Agosti 1927 hadi Mei 1933. Katika muda huo mfupi alirekodi nyimbo zipatazo 110. Karibu zote alizirekodi akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na dawa ya kuyaponya, na ambayo hatimaye yalimuua akiwa na umri wa miaka 35.

## Maisha ya awali

Vitabu vingi hutaja mji wa Meridian, jimbo la Mississippi, kuwa mahali alipozaliwa, ingawa wapo wanaotaja Geiger katika jimbo jirani la Alabama. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa kikosi cha matengenezo ya njia ya reli ya Mobile and Ohio. Kazi hiyo ilimlazimu kuhamahama kufuata njia. Mama yake, Eliza Bozeman, alifariki Jimmie akiwa bado mtoto mdogo, na tangu hapo alilelewa kwa zamu na ndugu mbalimbali, hasa shangazi zake, au akamfuata baba kazini. Shule hakuisoma kwa utulivu. Alikulia mitaani Meridian, kwenye vinyozi na kumbi za maonyesho, mahali ambapo kijana angeweza kusikia muziki wa kila aina bila kulipa kiingilio.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na kitu alishinda shindano la kuimba mjini Meridian, na ushindi huo ulimlevya. Alianzisha kikundi cha maonyesho ya barabarani, akatengeneza hema kwa mashuka aliyoyachukua nyumbani kwa kaka yake. Baadaye alinunua turubai la hema la kweli kwa kuandikisha deni kwa jina la baba yake bila baba kujua. Alitoroka pia na wauza dawa za mitaani, wale waliozunguka miji midogo wakiimba na kuchekesha watu ili wanunue chupa za dawa. Baba yake alimfuata akamrudisha, kisha akampa achague kati ya shule na kazi ya reli. Jimmie alichagua reli.

## Kazi ya reli

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwachotea maji vibarua wa njia. Wengi wa vibarua hao walikuwa Wamarekani weusi, nao waliimba wakiwa kazini ili nyundo na mitaimbo ishuke kwa pamoja. Inakubalika kwa jumla kwamba ni hapo Rodgers alipojifunza sehemu kubwa ya bluzi alizokuja kuziimba, pamoja na lugha ya mafumbo na utani iliyomo ndani yake. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka. Mississippi ya wakati ule ilikuwa na sheria kali za ubaguzi wa rangi, na mtu mweupe aliyejifunza nyimbo kwa vibarua weusi aliweza kuzirekodi na kuzilipwa, ilhali waliomfundisha hawakutajwa popote.

Baadaye alipanda cheo na kuwa mfunga breki kwenye reli ya New Orleans and Northeastern, kwenye njia iliyounganisha Meridian na New Orleans. Mfunga breki aliunganisha na kutenganisha mabehewa, alifunga breki za mkono, na alishuka na bendera au taa kuonya treni nyingine pale treni yake iliposimama njiani. Ilikuwa kazi ya hatari, ya jua na mvua, na isiyo ya uhakika. Biashara ilipopungua, vijana wa ngazi ya chini ndio walioachishwa kwanza. Rodgers aliachishwa mara nyingi. Kila alipokosa zamu alirudi kwenye gitaa na banjo, akapiga katika dansi za mitaani na katika maonyesho ya hema.

Mwaka 1917 alimwoa Stella Kelly. Ndoa hiyo haikudumu, nao walikwisha kutengana kabla binti yao hajazaliwa mwaka 1918. Tarehe 7 Aprili 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Kanisa la Methodisti mjini Meridian. Walipata mabinti wawili: Anita, aliyezaliwa mwaka 1921, na June, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki Desemba mwaka huohuo akiwa na umri wa miezi sita tu. Jimmie alikuwa mbali akitafuta riziki mtoto alipokufa, na inasimuliwa kwamba aliweka banjo yake rehani ili apate nauli ya kurudi nyumbani.

## Ugonjwa

Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 27, alianza kukohoa damu, na madaktari walithibitisha kwamba ana kifua kikuu. Robert Koch alikwisha kugundua bakteria wa ugonjwa huo tangu mwaka 1882, lakini dawa ya kwanza iliyoweza kumuua, streptomisini, ilipatikana mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo cha Rodgers. Katika miaka ya 1920 mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri, na akiweza ahamie mahali penye hewa kavu. Kwa mwajiriwa wa reli mwenye mke na mtoto, ushauri huo ulikuwa rahisi kuutoa kuliko kuufuata. Kupumzika kulikuwa na maana ya kukosa mshahara.

Rodgers hakukaa hospitalini kwa muda mrefu. Alizunguka na wauza dawa, na kwa muda aliigiza akiwa amejipaka uso rangi nyeusi kuwaigiza watu weusi, kama walivyofanya waigizaji wengi weupe wa siku zile. Alijaribu tena reli katika jimbo la Florida, kisha Arizona kwa matumaini kwamba hewa ya jangwani ingemsaidia. Mapema mwaka 1927 aliiacha reli moja kwa moja. Kwa maneno mengine, ni ugonjwa uliomfanya kuwa mwanamuziki wa kudumu. Hakuwa na nguvu ya kazi nyingine.

## Bristol, Agosti 1927

Mwaka 1927 alihamia Asheville, North Carolina, mji wa milimani uliopendwa na wagonjwa wa mapafu. Mwezi Aprili aliimba katika kituo kipya cha redio cha mji huo, WWNC. Huko alijiunga na vijana watatu wapiga nyuzi waliojiita Tenneva Ramblers: ndugu wawili Claude na Jack Grant, pamoja na Jack Pierce. Walitokea Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia kiasi kwamba mpaka wenyewe unapita katikati ya barabara kuu.

Majira yaleyale ya joto Ralph Peer, wakala wa kampuni ya santuri ya Victor, alifika Bristol na mafundi wawili na mashine ya kurekodia. Alifunga mitambo katika jengo lililokuwa la biashara ya kofia, akatangaza kwamba anatafuta waimbaji wa sehemu hizo. Kampuni ya Victor ilikuwa imeanza kutumia maikrofoni mwaka 1925. Kabla ya hapo mwimbaji alipaza sauti ndani ya tarumbeta kubwa ya bati, na sauti laini zilipotea. Sauti ya Rodgers ilikuwa nyembamba, ya puani kidogo, ya mtu anayezungumza karibu na sikio la msikilizaji. Bila maikrofoni pengine isingefaa kurekodiwa kabisa.

Rodgers na wenzake walikubaliwa, lakini usiku wa kuamkia siku ya kurekodi waligombana juu ya jina gani liandikwe kwenye santuri. Kikundi kikavunjika palepale. Kwa hiyo tarehe 4 Agosti 1927 Tenneva Ramblers walirekodi peke yao, na Rodgers akaingia peke yake na gitaa. Alirekodi nyimbo mbili: "The Soldier's Sweetheart", kuhusu binti aliyefiwa na mpenzi wake katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na "Sleep, Baby, Sleep", wimbo wa zamani wa kubembelezea mtoto. Alilipwa dola 100. Siku chache kabla, katika chumba hichohicho, familia ya Carter kutoka Virginia nayo ilikuwa imerekodi kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana wengi huhesabu majuma hayo mawili ya Bristol kuwa mwanzo wa muziki wa kantri kama biashara, ingawa santuri za aina hiyo zilikwisha kuwepo tangu miaka michache nyuma.

## Yodeli ya bluzi

Santuri hiyo iliuzwa kiasi tu. Wengine wangesubiri barua. Rodgers hakusubiri. Mwezi Novemba alisafiri hadi New York kwa fedha ya kuokoteza, akachukua chumba hotelini, kisha akampigia simu Peer kumwarifu kwamba yupo mjini na yuko tayari kurekodi tena. Familia yake wakati huo iliishi Washington, ambako Carrie alifanya kazi ya kuhudumu mezani katika mkahawa ili wapate kula.

Tarehe 30 Novemba 1927, katika studio ya Victor mjini Camden, New Jersey, alirekodi nyimbo nne. Mmoja wao uliitwa "Blue Yodel", ambao wasikilizaji waliuzoea kwa jina la "T for Texas". Yodeli ni namna ya kuimba ambayo sauti huruka ghafla kutoka sauti ya kifuani hadi sauti nyembamba ya kichwani, kisha hurudi, bila maneno. Ilijulikana sana katika milima ya Uswisi na Austria, na waigizaji wa Marekani walikuwa wakiitumia tangu karne ya 19 kama kichekesho au pambo. Rodgers hakuibuni. Alichofanya ni kuiweka mwishoni mwa beti za bluzi za Wamarekani weusi, mahali ambapo mpiga gitaa mweusi angejibu kwa nyuzi. Kwa njia hiyo yodeli iliacha kuwa kichekesho. Ikawa kama kilio, au kama honi ya treni inayosikika usiku kwa mbali.

Santuri hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu, kwa bei ya senti 75 kila moja. Ndani ya miezi michache mtu aliyekuwa akikopa nauli akawa nyota. Kwa jumla alirekodi nyimbo 13 za mfululizo wa "Blue Yodel", nyingi zikitambulishwa kwa namba.

## Utunzi na shemeji yake

Peer hakutegemea mshahara wa Victor. Alichotaka ni haki za nyimbo, ambazo alizisajili katika kampuni yake ya uchapishaji. Kwa sababu hiyo nyimbo za mapokeo zisizo na mwenyewe hazikumfaa sana. Alihitaji nyimbo mpya zinazoweza kuandikishwa kwa jina la mtu. Mpango huo ulimnufaisha pia Rodgers, kwa kuwa alilipwa kama mwimbaji na kama mtunzi, lakini ulimtia katika mbio zisizoisha. Kila baada ya miezi michache alitakiwa aje na nyimbo nyingine.

Hapo ndipo alipoingia Elsie McWilliams, dada yake Carrie, mwalimu wa muziki na mpiga piano wa Meridian. Rodgers hakuweza kusoma wala kuandika nota. Elsie aliweza. Mwaka 1928 alisafiri kwenda kumfundisha nyimbo mpya ana kwa ana kabla ya kurekodi. Jina lake limeandikwa kwenye nyimbo nyingi za Rodgers, na nyingine alizisaidia bila jina lake kutajwa, kwa hiari yake, akijua hali ya afya ya shemeji yake na mahitaji ya familia. Wengine waliomletea nyimbo walikuwa marafiki na hata mashabiki. Kwa hiyo anapoitwa mtunzi, ieleweke kwamba alikuwa mtunzi kwa maana ya mtu anayekusanya beti kutoka hapa na pale, anazipanga, anazibadili, na kuzipa sauti yake. Hiyo ilikuwa desturi ya waimbaji wa bluzi pia.

## Nyimbo na wenzake studioni

Rodgers alikuwa na tatizo moja la kiufundi: hakushika sana mapigo. Alirefusha mstari alipotaka, akaongeza au kupunguza pigo, jambo lililowasumbua wanamuziki waliomsindikiza. Hata hivyo hakuogopa kujaribu wenzake wa aina yoyote. Mwezi Oktoba 1928 mjini Atlanta alirekodi "Waiting for a Train" akiwa na bendi ndogo yenye kornet na klarineti, vyombo vya jazi. Wimbo huo unahusu mtu asiye na nauli anayefukuzwa kwenye treni ya mizigo. Ulitoka kabla ya soko la hisa la New York kuporomoka Oktoba 1929. Baada ya hapo maelfu ya Wamarekani walijikuta wakiishi maisha hayohayo, na wimbo ukapata maana ambayo hata mwimbaji hakuikusudia.

Alirekodi pia na Joseph Kaipo, mpiga gitaa la kuteleza kutoka Hawaii. Mlio huo wa kuteleza leo hii huonekana kuwa alama ya kantri, lakini asili yake ni visiwa vya Pasifiki. Mwezi Juni 1931, mjini Louisville, Kentucky, alirekodi pamoja na familia ya Carter, na katika majuma hayohayo alirekodi na bendi ya Wamarekani weusi waliopuliza mitungi.

Rekodi inayozungumzwa zaidi ni ile ya tarehe 16 Julai 1930 mjini Hollywood. Katika "Blue Yodel No. 9" tarumbeta imepigwa na Louis Armstrong, na piano na mkewe, Lil Hardin Armstrong. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Mnunuzi wa mwaka 1930 alisikia tarumbeta hiyo bila kuambiwa ni ya nani. Katika nchi ambayo weusi na weupe hawakuruhusiwa kuketi behewa moja kusini, watu hawa watatu walikaa chumba kimoja na kupiga bluzi kwa dakika tatu hivi, na ukisikiliza vizuri utasikia Armstrong akimsubiri Rodgers pale anapopotea mapigo.

Mwaka 1929 aliigiza katika filamu fupi ya sauti, *The Singing Brakeman*, ambamo anaimba nyimbo tatu akiwa amevaa nguo za reli katika mkahawa wa stesheni. Ndiyo picha pekee ya filamu inayomwonyesha akiimba kwa urefu, na ina dakika zipatazo kumi.

## Fedha na matumizi

Mwaka 1929 alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, akaiita Blue Yodeler's Paradise, yaani pepo ya mwimba yodeli. Kerrville ilisifika kwa hewa kavu, na wagonjwa wengi wa kifua kikuu walikwenda kukaa huko. Rodgers mwenyewe hakukaa sana. Alikuwa safarini akiimba katika hema, katika majumba ya sinema na katika kumbi za shule za miji midogo ya kusini, na kila safari ilimpunguzia siku. Alinunua magari na magitaa. Moja lilitengenezwa maalumu na kampuni ya Martin mwaka 1928: jina lake limepambwa kwenye shingo, na mgongoni limeandikwa neno la asante, ambalo aliwageuzia watazamaji baada ya kuimba. Ndugu na marafiki walimwomba fedha na aliwapa. Mke wake wa kwanza alimshtaki kwa matunzo ya binti yao, na mahakama ikaamuru alipe kila mwezi.

Mwanzoni mwa mwaka 1931 alifuatana na mchekeshaji maarufu Will Rogers, ambaye hawakuwa na undugu licha ya kufanana kwa majina, katika ziara ya kuchangisha fedha kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Kusini kulikuwa na ukame mkubwa, na mdororo wa uchumi ulikuwa umewafikia wakulima. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa anaishiwa. Mauzo ya santuri nchini Marekani, yaliyozidi milioni 100 kwa mwaka mwaka 1927, yalianguka hadi takriban milioni 6 mwaka 1932. Nyumba ya Kerrville iliuzwa, na familia ikahamia nyumba ya kawaida mjini San Antonio, ambako alikuwa na kipindi cha redio.

Tarehe 31 Januari 1931, mjini San Antonio, alirekodi "T.B. Blues". Wapo waimbaji wa bluzi weusi waliokwisha kuimba juu ya kifua kikuu kabla yake, lakini kwa mwimbaji maarufu wa kizungu kuitaja maradhi yake kwa jina, tena kwa utani wenye makaburi ndani yake, lilikuwa jambo jipya. Ugonjwa huo uliogopwa na kufichwa. Familia nyingi zilisema ndugu yao ana homa au udhaifu. Mashabiki wake walikuwa watu wa viwandani na mashambani, tabaka lililougua zaidi, nao waliuelewa wimbo bila kufafanuliwa. Mwaka 1932 alirudia mada hiyo katika "Whippin' That Old TB", safari hii akijifanya mshindi.

## Kifo

Mwezi Mei 1933 alisafiri kwenda New York akiwa na muuguzi wa kumhudumia. Alijua kwamba hana muda, na sababu ya safari ilikuwa wazi: kila wimbo aliourekodi ulikuwa na malipo, na malipo hayo yangebaki kwa Carrie na Anita. Alikaa Hoteli ya Taft. Kuanzia tarehe 17 Mei alirekodi katika studio ya Victor, akiimba ameketi, huku akiwekewa kitanda cha kukunja ili alale kati ya wimbo na wimbo. Baada ya siku chache alilazimika kupumzika kabisa. Alirudi studioni tarehe 24 Mei na kurekodi nyimbo nne za mwisho. Ya mwisho kabisa, "Years Ago", aliimba peke yake na gitaa, kama alivyoanza Bristol.

Anayesikiliza nyimbo hizo za siku ya mwisho atagundua sauti imepungua nguvu, na yodeli ni fupi. Lakini haichechemei. Siku iliyofuata alitembezwa Coney Island, ufukwe wa burudani wa watu wa New York. Usiku mapafu yakaanza kutoka damu, na tarehe 26 Mei 1933 akafariki katika chumba cha hoteli. Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni. Inasimuliwa kwamba dereva wa treni alipiga honi kwa sauti ya chini iliyovutwa kwa muda mrefu ilipokaribia mji. Alizikwa katika makaburi ya Oak Grove, karibu na bintiye June.

## Baada ya kifo

Carrie aliandika kitabu cha maisha ya mumewe, kilichotoka mwaka 1935. Kina upendo mwingi kuliko usahihi wa tarehe, na wasomaji wanaotaka uchunguzi wa kina hurejea kitabu cha Nolan Porterfield cha mwaka 1979. Carrie pia alimsaidia kijana wa Texas aliyeitwa Ernest Tubb, shabiki aliyemtembelea San Antonio, na kumwazima gitaa la Martin la marehemu. Tubb alilitumia kwa karibu miaka arobaini kabla halijarudi Meridian.

Kizazi kizima cha waimbaji kilianza kwa kumwiga: Gene Autry, Jimmie Davis, Hank Snow wa Kanada, ambaye alimpa mwanawe jina la Jimmie Rodgers. Lefty Frizzell na Merle Haggard walitoa albamu nzima za nyimbo zake. Upande wa bluzi, Howlin' Wolf, mwimbaji mweusi wa Mississippi, alieleza kwamba alijaribu kuiga yodeli ya Rodgers, ikamshinda, ikatoka mlio wa mbwa mwitu. Kwa hiyo muziki uliochukuliwa kwa vibarua weusi ulirudi kwao kwa njia ya santuri, ukiwa umebadilika.

Mwaka 1961 Rodgers alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri, pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Mwaka 1978 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Aliingizwa pia katika ukumbi wa heshima wa rock mwaka 1986 na ule wa bluzi mwaka 2013.

## Chemirocha: Rodgers nchini Kenya

Santuri za Rodgers zilichapishwa pia Uingereza na kusambazwa katika makoloni yake. Kwa njia ya gramafoni za walowezi na wamisionari zilifika hadi nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika eneo la Kericho, kurekodi nyimbo za Wakipsigis. Huko alikuta nyimbo zilizomhusu mtu aitwaye Chemirocha, zikisindikizwa na kinanda cha nyuzi cha jadi. Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers lililotamkwa kwa Kikipsigis. Tracey alirekodi nyimbo tatu za jina hilo. Ya tatu, inayoimbwa na wasichana, ndiyo iliyopata umaarufu.

Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, wasichana hao walimfikiria Chemirocha kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu swala, wakamwalika acheze nao. Maelezo hayo yanapaswa kusomwa kwa tahadhari. Vijana wa Kikipsigis wa mwaka 1950 waliijua gramafoni, na inawezekana kabisa kwamba walikuwa wakifanya utani, jambo ambalo Rodgers mwenyewe angelifurahia. Lililo hakika ni kwamba wimbo wenyewe hauigi kantri. Hauna yodeli wala gitaa. Ni muziki wa Kikipsigis wenye mgeni ndani yake.

Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Tracey nchini Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 nakala zilirudishwa Kapkatet na maeneo jirani, na baadhi ya wazee walioimba wakiwa vijana walisikia sauti zao kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mwaka 1950.